Chumvi Nayo Inataka Pa Kukaa

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko, ninyi mtakaosoma barua hii. Kila mstari wangu unaanza chini na kuishia juu, sijui kwa nini, hata nikipiga mistari ya penseli. Na neno ambalo sikuwa na hakika nalo nimeliandika ninavyolisikia. Nimeishia darasa la saba, naandika polepole, na ukurasa wa kwanza peke yake umenichukua asubuhi nzima mpaka vitumbua vya mteja vikaungua. Mkishindwa kusoma mahali, rukeni, mtanikuta mbele.

Naandika kwa sababu ya yai. Wiki iliyopita nilitia mayai manne kwenye bakuli la maji ili niyaoshe, matatu yakalala chini na moja likapanda likaelea. Mama alikuwa amekaa kizingitini anachagua mchele. Akanyoosha shingo akasema, "Tupa hilo. Yai likikaa siku nyingi linajaa upepo, linaelea hata kwenye maji ya kunywa. Uongo mtupu." Halafu akarudi kwenye mchele wake. Mimi nikabaki nimelishika lile yai linachuruzika maji, na harufu ikanijia, harufu ya tope la mikoko lililopigwa jua likachanganyika na chumvi, ingawa hapa Mapinga hakuna mikoko wala chumvi, kuna vumbi na matofali tu.

Nilipokuwa darasa la tano tulikaa karibu na Mlingotini. Nyuma ya mikoko kulikuwa na uwanda mweupe usioota kitu, na pale kikundi cha kina mama kilikuwa na kazi ya chumvi. Maji ya bahari yanaingia bwawa la kwanza wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi. Yanakaa, jua linayanywa, yanahamishiwa bwawa la pili. Yanakaa tena, yanazidi kuwa makali. Yakishakomaa, ndiyo yanafunguliwa kwenda kwenye majaruba, yale mashimo mapana ya kina kifupi yaliyosakafiwa vizuri, na chumvi inaanguka humo ikiwa safi. Ukiyafungulia mapema, utakaa unaangalia maji. Ukichelewa, chumvi inaanguka hukohuko bwawani, juu ya tope, na chumvi ya kwenye tope haimfai hata ng'ombe.

Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ni kujua siku. Na aliyejua siku alikuwa Mama.

Mama hakujua kusoma, na hakuwa na sauti kubwa kama wenzake, lakini lango la majaruba lilifunguliwa kwa neno lake. Kipimo chake kilikuwa yai na kizibo cha soda. Yai lazima liwe limetagwa siku ileile, bado lina joto. Anateka maji ya bwawa la pili kwenye ndoo, anaingiza yai kwa upawa, anangoja litulie. Maji yakiwa mabichi, linazama. Yakianza kukolea, linachomoza utosi tu. Siku inavyozidi, utosi unapanuka. Ukishafika upana wa kizibo cha soda, Mama anakitoa kizibo kwenye ncha ya kanga alikokifunga, anakiweka juu ya yai, na kikienea pale juu bila maji kukigusa, anasema neno moja: "Yamekomaa." Wanawake wazima, wengine wamemzidi umri, wanachukua majembe na kwenda kufungua. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake najiona binti wa waziri.

Ndipo akaja mtaalamu.

Alikuwa kijana wa mjini, mpole, amevaa buti za mpira zilizomzidi mguu. Alituletea kioo. Ni kitu chembamba kama kipimajoto cha zahanati, ila tumbo lake nene na lina risasi ndani, ukikitumbukiza kwenye maji kinasimama wima, na shingoni kina mistari midogo yenye namba.

Bi Tatu, mwenzake Mama kwenye kikundi, mwanamke aliyekuwa hakosi neno, alikiangalia akauliza, "Maji yanaumwa? Haya mpime, tujue ana homa kiasi gani."

Wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, masikini, akaanza kueleza. Akasema namba hizi ni kilo kwa mita ya ujazo.

"Mita tunapimia kitambaa, baba," alisema Bi Tatu. "Maji unayafunga kiunoni?"

Akaeleza tena. Akasema wala tusijisumbue na mita, kilo kwa mita ya ujazo na gramu kwa lita ni namba ileile, haibadiliki. Ila, akasema, huo ni uzito wa maji pamoja na chumvi yake. Gramu za chumvi peke yake ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo iko kwenye karatasi. Akaonyesha karatasi, akaigeuza mbele na nyuma haraka haraka kama mtu anayepepea moto, akaandika namba yake ya simu kwa kalamu juu kabisa. Halafu akauliza nani anasoma.

Wote wakaniangalia mimi.

"Huyu hapa," alisema Mama, akanivuta kutoka nyuma ya kanga yake. "Yuko darasa la tano. Msomi wetu."

"Umeelewa, mdogo wangu?" aliniuliza mtaalamu.

Ninyi mnaojua kuona haya ni nini mtanielewa. Nilikuwa nimeelewa nusu. Nilitaka kusema, rudia pale kwenye chumvi peke yake. Lakini macho ya watu kumi yalikuwa usoni kwangu, na kichwa changu kikaitikia chenyewe. Mpaka leo nakichukia kichwa kile.

"Una swali?"

Nikatikisa kichwa. Akaondoka.

Mama alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alipika gundi ya unga wa ngano, akaipaka karatasi nyuma yote mpaka kwenye pembe, akaibandika kwenye ubao wa banda la pale kazini ili upepo wa pwani usiichukue. Akaisawazisha kwa kiganja. "Hapo haiendi popote," alisema. Na kweli haikwenda. Upande wa mbele ulikuwa na picha ya kile kioo na sentensi moja nene: Fungua maji yaende kwenye majaruba yakifika gramu 300 za chumvi kwa lita. Basi. Hakuna kingine.

Kesho yake nikaanza kazi, nikaanzia na maji mabichi ya kijito yanayotoka baharini. Kioo kikasoma 1,025. Nikatazama karatasi. Mia tatu. Nikatazama kioo. Elfu moja na ishirini na tano. Kwa hiyo bahari yenyewe, tunayoogelea, imeshapita mara tatu? Samaki wanaishi humo wakiwa wameshakauka kama ng'onda? Nilikaa kwenye ukingo wa bwawa nikakasirika mpaka machozi yakanitoka. Mtu mzima anakupa kipimo kinachosema elfu, na karatasi inayosema mia tatu, halafu anakwambia namba ni ileile usijisumbue!

Halafu nikakumbuka shuleni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, gramu elfu moja. Tuliimba hiyo darasani kama wimbo. Nikasema, aa, kumbe! Elfu ni maji yenyewe. Kinachozidi juu ya elfu ndiyo chumvi. Toa elfu, inabaki ishirini na tano, bahari ni gramu ishirini na tano. Niliona nimewashika wote, mtaalamu na mwalimu na karatasi. Sikumuuliza mtu. Ya nini kuuliza na hesabu imetoka?

Kuanzia hapo nikitoka shule nakwenda kupima. Kioo kikasoma 1,100, nikasema mia. Kikasoma 1,150, nikasema mia na hamsini. "Bado ngapi?" Mama ananiuliza. "Bado nusu." Naye anawaambia wenzake, bado nusu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mwenye mtoto anayesoma. Lakini yai lake hakuliacha. Alikuwa anapima kimya kimya pembeni.

Masika yalikuwa yanakaribia. Hiyo ndiyo ilikuwa chumvi ya mwisho wa msimu, na ilikuwa nyingi kuliko zote, kwa sababu walijaza mabwawa yote mawili mpaka ukingoni. Mvua ikinyesha juu ya maji yaliyokomaa, kazi yote inarudi kuwa maji tu.

Siku moja mchana nikakuta kina mama wamesimama kuzunguka ndoo. Yai la asubuhi ile lilikuwa limelala kwenye maji likionyesha utosi wake mpana, na kizibo kimekaa juu yake kama kofia.

"Yamekomaa," alisema Mama. Halafu akanigeukia. "Hebu na wewe pima."

Nikatumbukiza kioo. Kikasoma 1,190.

"Bado," nilisema. "Ni mia na tisini. Karatasi inasema mia tatu."

"Bado?" Bi Tatu alishika kiuno. "Mwanahawa, yai limevaa kofia na mwanao anasema bado?"

"Ndivyo kinavyosema kioo."

"Kioo kinasema au wewe ndiye unayekisemea? Tazama lile wingu kule, shoga yangu. Lile halisomi karatasi."

Mama aliangalia yai, akaniangalia mimi, akaangalia wingu. Halafu akatoa simu kwenye kanga. "Namba ya yule kijana iko pale ubaoni. Mpigie. Mwulize, mia na tisini tufungue au tungoje? Swali moja tu."

Nikaenda na simu nyuma ya banda, kwa sababu sikutaka wanisikie nikiongea. Nikabonyeza namba moja moja. Ikaita. Nikaomba isipokelewe. Ikapokelewa.

"Halo?" Sauti ileile ya upole. "Halo, nani mwenzangu?"

Nilikuwa na swali mdomoni. Nililifanyia mazoezi njiani, hatua kumi tu, nililijua. Lakini nikafikiria: je, akicheka? Je, akisema, si uliniambia umeelewa?

"Halo? Nakusikiliza."

Nikakata.

Nikarudi. "Hapatikani," nilimwambia Mama.

Mama alikitoa kizibo juu ya yai, akakifuta, akakifunga tena kwenye ncha ya kanga. "Basi tungoje," aliwaambia wenzake. "Mtoto anasoma, mimi sisomi." Na wao walikuwa wamezoea kufuata neno lake, wakatua majembe.

Tulingoja siku tatu. Kioo kikapanda mpaka 1,210 kikagoma. Jua la kupasua kichwa, upepo, na namba palepale. Nilikiosha, nikakifuta, nikakitikisa, nikakitukana kimoyomoyo. Sikujua kwamba maji yakishashiba chumvi hayapokei tena, na kadiri jua linavyozidi kuyakausha, chumvi inaangukia chini. Mia tatu yangu, niliyokuwa nikiiona kwenye 1,300, isingefika hata tungengoja mpaka nizeeke.

Siku ya tatu Bi Tatu alivua kandambili akaingia bwawani kutoa jani la mkoko lililoelea. Akasimama. Akanyanyua mguu, akakanyaga tena.

"Mwanahawa," alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Chini kunakwaruza."

Mama aliingia na nguo zake. Akainama, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaja na gao la mkono. Lilikuwa ni tope jeusi, na ndani yake chumvi yetu, punje kubwa kubwa zinazometa. Walikimbilia majembe, wakafungua lango, maji yakaanza kwenda. Hayakufika nusu ya majaruba, mvua ikaanguka.

Sitaieleza ile mvua. Walisimama bandani wanaiangalia. Mmoja alianza kusema, "Lakini huyu mtoto—" na Mama akamkata.

"Mwacheni mtoto. Mtoto kasoma alichoandikiwa. Mwenye kosa ni yule aliyetuletea kipimo chake, tunamtafuta siku ya haja, hapatikani."

Nikanyamaza. Ilikuwa ni nafasi yangu, ilikuwa mbele yangu imefunguka kama mlango, na nikanyamaza.

Paa la banda lilikuwa linavuja juu ya ubao. Kesho yake gundi ya ngano ililainika, karatasi ikavimba, pembe ikajikunja. Nikaivuta ikatoka nzima. Nyuma yake kulikuwa na jedwali. Safu mbili. Upande huu namba ya kioo, upande ule gramu za chumvi kwa lita. 1,025, gramu 36. 1,100, gramu 150. 1,190, gramu 300.

1,190. Siku ya kofia. Yai, kioo na jedwali vilikuwa vimesema kitu kimoja siku moja. Aliyebisha nilikuwa mimi peke yangu.

Sikuliamini. Nilichukua jagi la nyumbani lenye alama, nikalijaza maji mpaka kwenye mstari wa lita moja, nikaanza kutia chumvi kijiko kwa kijiko, nakoroga, natia. Maji yakapanda juu ya mstari. Nikamwaga, nikaanza upya. Yakapanda tena. Mama akanikuta hapo, meza imelowa.

"Unachezea chumvi baada ya yaliyotokea?"

"Inapita mstari, Mama. Kila nikitia, inapita."

Akaangalia jagi kama anavyomwangalia mtu aliyeuliza jua linatoka wapi. "Sasa ulitaka ikae wapi? Chumvi nayo inataka pa kukaa."

Ndiyo hiyo tu. Nilidhani lita ya maji ya chumvi ni lita nzima ya maji, halafu chumvi imeingia bure. Kumbe chumvi ikiingia, maji yanatoka kuipisha. Ukitaka lita irudi kuwa lita lazima uyamwage maji yaliyozidi, na hayo unayoyamwaga ndiyo sikuyahesabu. Ukitoa elfu, kinachobaki unakiongezea nusu yake, ndipo unakaribia ukweli. Nimeigundua mwenyewe, ukubwani, kwa kulitazama lile jedwali. Sijui nimwambie nani.

Msimu uliofuata kikundi kilimpa Bi Tatu kazi ya yai. Hawakumtukana Mama, walisema tu apumzike. Alikitoa kizibo kwenye kanga akampa, na Bi Tatu alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Nitakushikia tu, shoga." Hakumrudishia. Sasa hata uwanda wenyewe umewekwa nguzo za saruji, viwanja vya watu.

Na Mama, miaka yote hii, kila akimtafuta mtu akamkosa, fundi, kondakta, mganga, husema: "Hapatikani, kama yule wa chumvi." Amewaambia majirani wa Mlingotini na majirani wa Mapinga. Ndugu zake wote wanamjua yule kijana wa buti kubwa kuwa ni mtu wa kudanganya akinamama.

Jana nilimsomea Mama barua hii mpaka pale penye simu. Sikuweza kusema kwa mdomo, ndiyo maana niliandika kwanza. Mkono wake ulisimama kwenye ungo. Nilijua atasema juu ya chumvi, au juu ya kizibo.

"Kwa hiyo alipokea," alisema.

"Alipokea."

"Akasema nini?"

"Akasema, nakusikiliza."

Halafu akausukuma ungo, na sijawahi kumwona amekasirika hivyo, hata siku ile ya mvua. "Chumvi ni chumvi, ilikwenda. Lakini mtu huyu nimemla nyama yake bure! Miaka yote! Kila mlango niliopita nimemsema. Wewe unaniangalia unanyamaza? Nitakwenda kumwomba nani radhi mimi?" Akanyoosha mkono. "Karatasi unayo. Namba iko juu. Piga. Na safari hii ukikata, nakukata mikono."

Nilipiga. Mbele yake, sauti kubwa imefunguliwa. Mwanamke wa kwenye simu akatuambia namba hiyo haitumiki. Mama akanitazama mpaka nikampa simu asikilize mwenyewe, mara mbili.

Basi ndiyo hivyo. Kama miongoni mwenu yupo mwenye kaka, au mume, au mjomba ambaye zamani aliwapelekea kina mama wa chumvi karibu na Mlingotini kipimo cha kioo, na buti zilimzidi mguu, tafadhali mwambieni jedwali lake lilikuwa sawa. Mwambieni aliyekata simu ni mimi. Mama anataka radhi yake na amesema hatamtaja tena mpaka aipate. Mniandikie, msinipigie. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, kwa sababu naandika polepole.